Farasi Waliopotea Chini ya Boneti

Mustang SVT Cobra ya mwaka 2003 ilitoka kiwandani na kitu ambacho wapenzi wa Mustang walizoea kukinunua wenyewe pembeni: supachaja. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya V8 ya lita 4.6 yenye vali 32, bloku ya chuma, konrodi za Manley zilizofuliwa, na juu ya vyote hivyo Eaton M112 iliyoshindilia hewa kwa takriban psi 8 juu ya presha ya kawaida. Ford ilitangaza nguvu ya farasi 390. SVT, kikosi cha Ford cha magari maalumu, kikiongozwa na John Coletti, kilikuwa na deni la kulipa. Cobra ya 1999 ilitangazwa kuwa na farasi 320, wenye magari wakaipima wakakuta hawatimii, na Ford ikalazimika kusimamisha mauzo na kuyaita magari hayo yarudi kurekebishwa. Safari hii kikosi kiliiachia injini akiba kubwa ya uimara.

Akiba hiyo haikukaa siri. Tangu hapo Cobra ya 2003 na mwenzake wa 2004 yamekuwa magari ya kuongezewa pumzi. Wapo wanaobadilisha puli tu ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi, na wapo wanaoing'oa M112 nzima na kuweka supachaja ya skrubu pacha ya Whipple au Kenne Bell. Kazi inakamilika, gari linawaka, muungurumo unapendeza. Kisha mwenye gari anakanyaga mafuta na kugundua kuwa nguvu aliyoilipia haipo.

Malalamiko hufanana. Gari linavuta vizuri hadi mizunguko 4,500 kwa dakika, kisha linalegea. Au mara ya kwanza linaruka kwa kishindo, mara ya tatu limekuwa zito. Au linakohoa katikati ya mvuto. Au halina dalili yoyote, skana haionyeshi kosa, ila mashine ya kupimia nguvu inatoa farasi 60 pungufu ya ahadi. Hapo ndipo pesa huanza kumwagika: pampu mpya leo, nozeli mpya kesho, supachaja yenyewe kurudishwa dukani wiki ijayo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona injini nzuri zikifa katikati ya ubahatishaji huo. Supachaja mpya mara nyingi haina kosa lolote. Imeongeza madai juu ya mkanda, mafuta, moto wa plagi na mfumo wa kupoza, na kimojawapo kimeshindwa kuyatimiza. Kila kinachoshindwa huacha alama yake kwenye vipimo, na alama hizo husomeka kabla hujanunua chochote.

Kabla ya kuusaka udhaifu huo, hakikisha injini yenyewe ni nzima. Chomoa plagi zote nane, zipange kwa mpangilio wa silinda, na utazame kaure nyeupe kwa lenzi. Vitone vidogo vyeusi au vinavyong'aa kama chembe za fedha ni dalili mbaya: injini imekuwa ikigonga, na huenda aluminiamu ya pistoni imeanza kumeguka. Pima mgandamizo wa kila silinda, halafu pima uvujaji wa hewa ndani yake. Silinda moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko wenzake, acha kutafuta farasi. Kila mvuto wa nguvu utakaofanya baada ya hapo utaongeza bili ya kufungua injini.

Injini ikiwa nzima, anza na kitu kinachowadanganya watu wengi: geji ya presha. Supachaja ya aina ya Roots, kama M112, au ya skrubu husukuma ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka. M112 husukuma inchi 112 za ujazo kwa mzunguko mmoja, yaani kama lita 1.8. Puli ya chini ikiwa na kipenyo cha inchi 7.5 na ya juu inchi 3, supachaja huzunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko wa injini. Injini ikifika 6,000, supachaja iko 15,000. Hewa hiyo yote lazima iingie. Isipopita kwa urahisi kwenye vali, hujibana, na kule kujibana ndiko geji inakokupimia. Kwa hiyo ukifunga ekzosi pana na silinda hedi zinazopitisha hewa vizuri, presha hushuka na nguvu hupanda. Nimesikia mafundi wakilaumu supachaja kwa kushuka huko, ilhali mashine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kuliko awali.

Mwinuko wa mahali nao unaingia kwenye hesabu, na hapa msomaji wa Nairobi ana sababu ya kusikiliza. Supachaja inayoendeshwa na mkanda huzidisha hewa iliyopo. Pwani, presha ya hewa ni takriban psi 14.7, kwa hiyo ukiona psi 8 kwenye geji ya Mombasa, maana yake hewa imezidishwa kama mara 1.54. Panda hadi Nairobi, mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina psi 11.9 tu. Zidisha kwa uwiano uleule, utapata kama 18.4, na geji itaonyesha psi 6.5. Hakuna kilichoharibika. Gari lenye turbo linaweza kuificha tofauti hiyo kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, lakini puli haina uwezo huo. Wenye Mercedes-Benz C180 na C200 Kompressor, magari yaliyozagaa Nairobi na Dar es Salaam, wana supachaja ya namna hii, na hesabu yao ni hii hii.

Ukishaijua presha unayopaswa kuiona mahali ulipo, angalia umbo lake wakati injini inapanda. Hapo rekodi za kompyuta ya gari zinafaa kuliko macho: fanya mvuto mmoja wa gia ya nne kwenye mashine ya kupimia nguvu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, huku ukirekodi presha, taimingi, joto la hewa, volti ya sensa ya hewa, presha ya mafuta na uwiano wa hewa na mafuta kwenye ekzosi. Mvuto mmoja uliorekodiwa vizuri una thamani kuliko mchana mzima wa kukimbiza gari barabarani.

Presha inayopanda vizuri kisha kuanguka katika mizunguko ya juu huelekeza kwenye mkanda. Kuendesha supachaja kunakula nguvu nyingi; Dodge ilipoleta Challenger Hellcat ya farasi 707 ya modeli ya 2015, ilisema supachaja yake peke yake ilikuwa ikimeza farasi takriban 80 katika kasi kamili. Mzigo kama huo unapita kwenye utepe wa mpira wenye mbavu, na ukipunguza puli ya juu umepunguza pia eneo ambalo mkanda unalishika. Tafuta unga mweusi wa mpira kuzunguka puli na upande wa chini wa boneti. Gusa mbavu za mkanda: zikiwa laini na zinang'aa, umekuwa ukiteleza. Tazama kikaza mkanda wakati injini inakanyagwa ghafla. Kikirukaruka hadi mwisho wake, springi imechoka au mkanda ni mrefu mno. Dawa mara nyingi ni mkanda wenye urefu sahihi na puli ya kupitishia iliyosogezwa ili mkanda uizunguke puli ya juu kwa sehemu kubwa zaidi. Wengine hunyunyizia dawa ya kunatisha mkanda. Hiyo huficha tatizo kwa siku chache na kuchafua mbavu.

Presha iliyo chini kila mahali, tangu mwanzo wa mvuto, ni habari nyingine. Supachaja ina mlango wa kupitisha hewa kando, unaofunguka unapoendesha taratibu ili supachaja isishindilie hewa bure, na kufungwa ukikanyaga. Mlango huo huongozwa na kibuyu kidogo chenye utando, kinachotumia mvuto wa hewa kupitia mpira mwembamba. Wakati wa kubadilisha supachaja mipira hiyo huchanganywa kwa urahisi sana, na mlango ukibaki wazi hata robo, hewa huzunguka na kurudi ilikotoka. Mkaguzi mwenye subira atauangalia mkono wa mlango kwa macho yake wakati msaidizi anakanyaga. Dakika tano zinatosha, na sielewi kwa nini hatua hii huachwa hadi mwisho.

Ukiuona mlango unafungwa vizuri, tafuta uvujaji. Mashine ya moshi inatosha: moshi hupulizwa ndani ya njia ya hewa, nawe unatazama unakotokea. Mahali pa uvujaji pana maana yake. Tundu lililo baada ya supachaja huvuta hewa isiyopimwa injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kwa hiyo mafuta huwa pungufu. Ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa hutoroka, na ekzosi hutoa moshi mweusi kwa sababu mafuta yamezidi. Tundu lililo kati ya sensa ya hewa na supachaja huingiza hewa isiyopimwa wakati wote, na mafuta hupungua hata chini ya mzigo. Wanaomiliki Kompressor zenye injini ya M271 wanaijua hali hii: mipira ya kupumulia oili hupasuka chini ya injini, mahali pasipoonekana, na gari huanza kuyumba mlio.

Sasa mafuta, ambako injini nyingi zilizoongezwa nguvu huuawa. Nozeli za kiwandani za Cobra hii hupitisha pauni 39 za petroli kwa saa kila moja. Zidisha kwa nane, unapata 312. Nozeli haipaswi kukaa wazi wakati wote, kwa hiyo chukua asilimia 85, kama 265. Injini yenye supachaja hutumia kati ya pauni 0.55 na 0.62 kwa kila farasi kwa saa. Gawanya, na utaona kwamba nozeli hizo hufikia ukomo wake mahali fulani kati ya farasi 430 na 480. Anayefunga Whipple akitarajia farasi 600 kwa nozeli zilezile ameshashindwa kwenye karatasi, kabla ya kushika spana ya kwanza.

Nozeli kubwa peke yake haitoshi. Gari hili halina mpira wa kurudisha petroli tangini. Ndani ya tangi kuna pampu mbili, na kompyuta huongoza kasi yake kupitia moduli maalumu, ikifuata sensa iliyo kwenye reli ya mafuta. Sensa hiyo hupima tofauti kati ya presha ya petroli na presha iliyo ndani ya njia ya hewa, kupitia mpira mwembamba. Nozeli hunyunyiza dhidi ya hewa iliyoshindiliwa. Ikiwa tofauti inayotakiwa ni psi 40 na supachaja inasukuma psi 15, petroli lazima iwe na psi 55 ili nozeli itoe kiasi kilekile. Mpira mwembamba ukiwa na ufa, sensa hulinganisha na hewa ya nje, kompyuta huridhika na psi 40, na injini inakosa mafuta hasa pale inapoyahitaji zaidi. Kipande cha mpira cha bei ya soda kinaweza kutoboa pistoni.

Mpira ukiwa mzima, pima umeme kwenye pampu zenyewe, injini ikiwa chini ya mzigo. Pampu inayopata volti 11 badala ya 13.5 hutoa petroli kidogo sana kuliko karatasi yake inavyosema. Waya za kiwandani nyembamba, terminali yenye kutu, au waya wa ardhi uliolegea hutosha kuleta upungufu huo. Ndiyo maana wengine hufunga kifaa cha kupandisha volti za pampu, lakini kufunga kifaa hicho juu ya waya mbovu ni kuunguza waya.

Mafuta yana mdanganyifu mwingine: sensa ya hewa. Kompyuta huisoma kwa volti, na mwisho wa kipimo ni volti 5. Supachaja kubwa huweza kuifikisha hapo injini ikiwa bado kwenye mizunguko 5,000. Kuanzia hapo hewa inaongezeka lakini kompyuta haioni, inaendelea kutoa mafuta ya kiwango kilekile. Kwenye rekodi utaona mstari wa volti umelala tambarare juu kabisa, huku uwiano wa hewa na mafuta ukitoka 11.5 kwa 1, ambao ni salama chini ya presha, kwenda 12.5, kisha 13. Ukiona hivyo achia mafuta mara moja. Pampu haitatibu hali hii. Dawa ni sensa kubwa zaidi pamoja na kompyuta iliyopangwa upya kuielewa.

Gari linaloanza na nguvu na kuchoka kila mvuto lina joto. Kushindilia hewa ni kuipasha. Siku ya nyuzi joto 30, hewa iliyoshindiliwa kwa psi 8 na Roots ya kawaida hutoka ikiwa karibu nyuzi 100. Ilazimishe Roots hiyohiyo ifike psi 15, na hewa hutoka kwenye nyuzi 160 au zaidi. Supachaja ya skrubu pacha, muundo ambao mhandisi Msweden Alf Lysholm aliuendeleza katika miaka ya 1930, hushindilia hewa ndani ya kasha lake kabla ya kuitoa na hupoteza kidogo. Kwa psi 15 hutoa kama nyuzi 125. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuing'oa M112. Anayetaka psi 15 kwa puli ndogo tu ananunua joto.

Kazi ya kuitoa hari hiyo ni ya intakula. Kwenye Cobra inatumia maji: hewa hupita kwenye intakula, maji huchukua joto, na pampu ndogo ya umeme huyapeleka kwenye rejeta iliyo mbele ya gari. Pampu hiyo ikifa, dereva hapati onyo la kueleweka. Kompyuta huona hewa ya moto kupitia sensa iliyo kwenye njia ya hewa, na hurudisha taimingi nyuma ili kuilinda injini. Nguvu hupotea kimya kimya. Fungua kifuniko cha chupa ya maji, washa swichi, uone kama maji yanatembea. Yakitulia, pampu imekufa au kuna hewa iliyonaswa wakati wa kujaza. Kwenye rekodi, joto la hewa linalopanda nyuzi 30 ndani ya mvuto mmoja na kukataa kushuka baada yake linasema hivyohivyo.

Kukohoa katikati ya mvuto, kama mtu amezima na kuwasha swichi, kwa kawaida ni plagi. Hewa nzito hufanya cheche ishindwe kuruka pengo pana. Pengo la milimita 0.7 hadi 0.8 na plagi ya daraja moja la baridi zaidi hutatua hali hiyo kwa gharama ndogo kuliko hatua nyingine yoyote hapa. Na oili ikirushwa kupitia kijiti cha kupimia, vali ya njia moja kwenye mfumo wa kupumulia imesahaulika au imefungwa kinyume, na presha inaingia chini ya pistoni. Mvuke wa oili ukiingia kwenye hewa ya injini hushusha uwezo wa petroli kuhimili kugonga, kwa hiyo jambo hili si la usafi wa boneti tu.

Limebaki faili la kompyuta. Wengi Afrika Mashariki huagiza vifaa Marekani, na faili hutumwa kwa barua pepe likiwa limeandikwa kwa petroli ya 93. Namba hiyo ni ya vituo vya Marekani, ambako hupigwa wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Kwetu viwango hutaja RON. Petroli ya RON 95 ni sawa na 90 au 91 ya Marekani, na 93 yao iko karibu na RON 98. Mtu anayejaza 95 akiamini ameizidi 93 ametia petroli dhaifu kuliko faili linavyodhani, na taimingi iliyo humo itaigonga injini. Mwambie mwandishi wa faili petroli yako kwa RON, mwinuko wa mji wako, ukubwa wa nozeli, na modeli ya sensa ya hewa. Fundi asiyekuuliza hayo hajaliandika faili kwa ajili ya gari lako.

Baada ya kurekebisha kitu kimoja, rudia mvuto uleule, gia ileile, maji ya intakula yakiwa yamepoa, kisha linganisha rekodi mbili mstari kwa mstari. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, hata fundi akikuhimiza kufunga vyote siku hiyohiyo, kwa sababu vitu vitatu vikibadilika pamoja hutajua kipi kilitibu na kipi kimeleta ugonjwa mpya. Chomoa tena plagi za silinda mbili zilizoonyesha mgandamizo mdogo zaidi na uzisome. Na mkanda mpya ukaguliwe baada ya safari chache za kwanza, injini ikiwa imepoa, maana mpira ukishapata moto hutanuka na kikaza mkanda huhama kutoka mahali ulipokiacha.